Nilisema Nimefunga

Kama na wewe chakula kinakaa tumboni mwako siku mbili bila kwenda popote, na watu wa nyumbani wanadhani unaringa, basi haya nimekuandikia wewe. Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuandika alama kwenye mizigo katika duka la kago, Al Ras, Dubai, na kuwajibu kwenye simu wateja wa Tanga na Dar wanaouliza kontena limefika wapi. Majina ya dawa nitayaacha, maana dawa zangu si lazima ziwe zako. Nitakusimulia jinsi nilivyoficha, na kilichonipata kwa kuficha.

Ugonjwa ulianza wakati wa joto kali, mwaka juzi. Nilipata homa ya tumbo ya siku tatu, nikaharisha, nikapona kama watu wanavyopona. Ila njaa haikurudi. Nikila kipande cha mkate asubuhi, hadi adhuhuri nakihisi pale chini ya kifua, kizito, kama nimekimeza sasa hivi. Nikiongeza kitu juu yake, narudisha vyote. Nikasema ni joto. Nikasema ni ubaridi wa AC, ni maji ya Dubai, ni uchovu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Pale dukani kila Alhamisi arbab, yaani tajiri wetu mwenye duka, hutuletea sinia la biriani. Tunatandika karatasi sakafuni katikati ya marobota, tunakaa wote, wapakiaji, dereva na sisi wa ofisini, tunakula pamoja. Alhamisi moja harufu ya ile nyama ilinipanda kooni. Nikabaki nimesimama kwenye meza yangu, kalamu mkononi.

"Yalla Rukia, njoo ule!" arbab akaniita.

Mdomo ukajibu kabla sijafikiri. "Nimefunga, arbab."

Ilikuwa siku ya sunna, kwa hiyo neno likapata mahali pake. Yule mzee akaweka mkono kifuani, akasema mashallah, akawaambia wapakiaji wamtazame binti huyu, joto lote hili na amefunga. Nilitaka kucheka na kulia. Kwetu Waislamu hakuna neno linalomkinga mtu na chakula kama hilo. Ukisema unaumwa, utaletewa tangawizi, supu na maswali. Ukisema huna hamu, wanaanza kukukagua kiuno wahesabu miezi. Ukisema umefunga, watu wanasogeza sahani zao mbali nawe kwa adabu na wanakuomba dua.

Jumatatu nikasema tena. Baada ya wiki chache nilikuwa nasema kila siku, na sikuhitaji hata kusema, wao ndio waliokuwa wakisema kwa niaba yangu. Mteja mmoja alinitumia tende za Madina. Nami uso mkavu nikazipokea.

Mtu mmoja tu hakudanganyika, Neema, mwenzangu wa chumba huko Bur Dubai. Neema ni Mchaga wa Moshi, Mkristo, anasafisha vyumba hotelini, na choo chetu ni kimoja. Alikuwa akinisikia nikifungulia bomba ili lizime sauti ya kutapika.

"Dada Rukia," aliniambia siku moja akipiga pasi sare yake, "sisi Kwaresima ina mwisho. Hii ya kwenu mbona haiishi?"

"Ni sunna, Neema."

"Sunna inatapisha?"

Nilikwishaanza kubadilika wakati huo. Pete iliteleza kidoleni nikiwa naosha mikono, ikaenda na maji. Nywele zilijaa kwenye kichujio cha bafuni. Abaya zilinisaidia, maana abaya haisemi ya ndani, lakini nilipokaa kwenye kiti cha plastiki mifupa ilinichoma, nikaanza kutembea na mto mdogo ndani ya mkoba. Nilikuwa na miaka thelathini na sita na nilikuwa nikishika reli kupanda ngazi.

Mama alifika mwezi wa Rajabu. Alikuwa ametoka umra, akapitia Dubai kutuona kabla ya kurudi Tanga, mwezi mzima. Alifikia Rashidiya kwa kaka yangu Hamisi, ambaye ni dereva, na mkewe alikuwa amekwenda nyumbani kujifungua. Nikahamia huko nikae na Mama. Tulikuwa hatujaonana miaka minne. Pale uwanja wa ndege alinishika mashavu kwa mikono yote miwili, akanipima.

"Umekwisha, mwanangu."

"Nafunga, Mama. Rajabu hii."

Uso wake ulichanua. Watu wamemjaza maneno juu ya mabinti wanaokuja huku, na alikuwa amelala macho usiku mwingi kwa ajili yangu. Kumbe mwanawe anafunga Rajabu! Kabla hatujafika nyumbani alikwishampigia mdogo wake, mama mdogo Mwanahamisi. "Watoto wa watu wanapotea huko, wangu anafunga," akasema, na mimi nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma, supu ya jana asubuhi bado inacheza tumboni.

Kesho yake naye akafunga.

Mama alikuwa na sukari. Alikuwa akimeza vidonge, na daktari wa Tanga alimruhusu Ramadhani kwa masharti, sunna hakumruhusu kabisa. Akafunga hata hivyo, siku kumi na moja mfululizo, kwa ajili ya kunipa kampani. Na jioni alikuwa akinipikia. Tui la kopo alilikataa, akamtuma Hamisi nazi za kukuna. Mihogo, tambi, samaki wa kupaka, uji wa pilipili manga. Adhana ya magharibi ikilia naweka tende mdomoni, nakunywa funda la maji, kisha nasimama kuswali. Nilikuwa nikiswali sunna baada ya sunna hadi nisikie wanatoa vyombo. Mama alidhani ni ucha Mungu. Mungu anisamehe, nilijificha nyuma yake.

Siku ya kumi na mbili alikuwa jikoni alasiri, anakuna nazi. Nikasikia mbuzi imenyamaza. Nilipoingia alikuwa amekaa sakafuni, jasho linamtiririka, macho hayatulii. Hamisi alimkimbilia na glasi ya juisi, akamshika kichwa, akamnywesha.

"Mama, una sukari! Nani kakwambia ufunge?"

"Mtoto afunge peke yake ugenini, mimi nile mbele yake?" Sauti ilikuwa ndogo. "Mimi mama gani?"

Nilisimama mlangoni. Sentensi moja tu ilitosha: Mama, mimi sifungi, naumwa. Nilikuwa nayo ulimini, naapa. Badala yake nilisema, "Wewe pumzika, Mama, zilizobaki nitafunga mimi."

Alirudi Tanga salama, nami nikarudi Bur Dubai kwa Neema. Nimeshaambiwa na zaidi ya daktari mmoja kwamba siku zile kumi na mbili sizo zilizomuua. Nimewaitikia. Sijawahi kulala vizuri zaidi kwa sababu ya kuambiwa hivyo.

Wiki mbili baada ya yeye kuondoka nilianguka dukani, juu ya robota la mashuka ya Zanzibar. Wapakiaji walinibeba hadi kwenye gari. Arbab alikuwa anasema, "Khalas, basi, anafunga sana huyu, mfutarisheni," na ilikuwa saa nne asubuhi.

Hospitali nililazwa, na kesho yake wakaniambia wataingiza kamera tumboni. Muuguzi akaniuliza mara ya mwisho nilikula lini. Nikasema jana adhuhuri, wali kidogo na karoti. Walipotazama, wali ulikuwepo. Karoti zilikuwepo, na rangi yake. Muuguzi akaniuliza tena, kwa upole, kama nina hakika sikula asubuhi. Mimi niliyedanganya nusu mwaka mzima, siku hiyo nilikuwa nasema kweli na sikuaminiwa.

Baadaye walinilisha yai. Hii nakuambia ili ikikufika usiogope. Ni yai la kawaida na mkate, ila wametia ndani yake kitu ambacho mashine inaweza kukiona, kisha unapigwa picha, unakwenda kukaa, unarudi kila saa moja, saa nne nzima. Chumba cha kusubiria kilikuwa na baridi na televisheni isiyo na sauti. Neema alikuja na sare yake ya hotelini, akaniletea soksi, akanivalisha yeye mwenyewe kwa sababu kuinama kulinitia kichefuchefu. Saa ya nne yai lilikuwa pale pale, karibu lote, kama mgeni asiyejua kuaga.

Daktari alikuwa mama wa Kisudani mwenye miwani ya kamba. Nilimwambia sitaki nadharia, nataka kujua kwa nini. Akasema kwa nini hajui, pengine ile homa. Lakini alinieleza kitu kimoja ambacho sikukisahau. Alisema ukuta wa tumbo ni misuli midogo midogo isiyohesabika, na haingoji amri yako. Kila msuli ukifika wakati wake kalisi, madini yale ya maziwa na mifupa, inapanda ndani yake, unajikaza, kisha kalisi inashuka, unalegea, na kabla haujalegea umekwishampa jirani habari. Hivyo habari inasafiri kutoka juu hadi chini, mara tatu kwa dakika, maisha yako yote, hata ukiwa umelala.

"Misuli yako haijafa," alisema. "Kila mmoja bado anafanya kazi. Ila hawasikilizani."

Nikawakumbuka wapakiaji wetu wanapojaza kontena. Wanasimama mstari, robota linatoka mkono huu kwenda mkono ule, na mmoja anaita hesabu. Siku anayeita akikosekana, watu ni wale wale na nguvu ni zile zile, lakini mizigo inaangukia miguu. Nililia pale mbele ya daktari. Sijui kama ni kwa ajili ya tumbo. Nilikuwa nawaza nyumba yetu, mimi na Hamisi na Mama, kila mtu akihangaika kivyake kwa mapenzi, na hakuna mwenye habari za mwenzake.

Hamisi alikuja jioni. Nilimwambia yote. Aliketi ukingoni mwa kitanda akichezea funguo za gari.

"Kwa hiyo Mama alikuwa anafunga na nani?"

"Usimwambie, Kaka. Nakuomba. Nipone kwanza. Nitakwenda Tanga nikae mbele yake nile, ndipo nimwambie."

"Unanitia kwenye uongo wako, Rukia."

"Najua."

Akakubali, lakini hakunitazama kwa siku nyingi. Alikuwa ananipeleka kliniki na kunirudisha, na redio ya gari ndiyo iliyokuwa ikizungumza.

Ramadhani ilinikuta na mrija puani. Ulipita kooni, ukapita tumbo lote, ukaishia kwenye utumbo, na mashine ndogo ilinilisha maziwa ya dawa usiku na mchana, inanguruma kama paka. Mji mzima umefunga na mimi ninalishwa saa ishirini na nne. Barabarani nilishusha ushungi uso mzima. Mama akipiga simu ya picha nilisema mtandao mbovu, tuongee sauti tu. Neema alikuwa anaizima mashine kila nikipokea, ili Mama asisikie mngurumo.

Katika mwezi ule sukari ya Mama ilipanda, akalazwa Tanga, na siku tisa zikampita bila kufunga. Alizitaja kwenye simu kwa masikitiko, utadhani amevunja kitu cha watu. "Nitazilipa, mwanangu. Na nikishindwa, wewe upo."

Nikacheka kidogo, nikasema, "Utazilipa, Mama." Mrija ulinitekenya koo nikakohoa, akaniombea dua ya mafua.

Baada ya Idi daktari wangu akaniambia hawezi kuirudishia misuli hesabu yake. "Lakini mlango wa chini wa tumbo tunaweza kuupanua, kile kinachoshindwa kusukumwa kiteremke chenyewe." Wakanipasua kwa ndani, kupitia mdomoni, bila kovu la nje. Wiki ya kwanza maji. Wiki ya pili uji mwepesi, vijiko vitatu, na kukaa wima. Siku walipoutoa mrija nilipiga chafya mara saba mfululizo na muuguzi akanipigia makofi. Nilikula kijiko cha mtindi, nikangoja. Nusu saa ikapita, kikakubali kwenda. Hutaelewa furaha ile kama hujawahi kuwa mlango uliofungwa.

Nikapanga safari ya Tanga, Idi ya kuchinja inikute huko. Nilijifunza kupika uji nitakaokula mbele ya Mama. Kila jioni nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno, Neema ndiye Mama, anakaa kitandani na kanga yangu kichwani, mimi namwambia: Mama, Rajabu ile nilikudanganya. Neema kila mara alilia kabla sijamaliza, hakufaa kabisa kwa kazi ile.

Mama alifariki siku kumi na tatu kabla ya safari yangu, alfajiri, akiwa anatia udhu. Nilikuwa bado sijaruhusiwa kupanda ndege. Walimzika adhuhuri ile ile.

Kisomo tulikifanya Rashidiya, nyumbani kwa Hamisi, na simu tukaiweka katikati ya mkeka ili tuwe pamoja na watu wa Tanga. Walipomaliza dua, mama mdogo Mwanahamisi akashika simu ya upande wa kule. Nilisikia nyuma yake nyumba nzima, wajomba, majirani, watoto.

"Hamisi, Rukia, mnanisikia? Dada aliacha neno. Alisema zile siku zake tisa zikimshinda, asifunge mtu mwingine yeyote, apewe Rukia. Alisema, huyo ndiye mfungaji wetu."

Watu wa kule wakaitikia, ndiyo, ndiyo, tumesikia wote. Hamisi alinitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya hospitali. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja tu.

"Siwezi, mama mdogo," nilisema.

"Huwezi nini, mwanangu?"

"Siwezi kufunga. Daktari amenikataza maisha. Na sikuwa nafunga. Rajabu yote ile sikuwa nafunga hata siku moja. Nilikuwa naumwa, chakula hakipiti, nikaona haya, nikasema nimefunga. Mama akafunga kwa ajili yangu na mimi nikamwacha."

Nilikuwa tayari kwa matusi, hata kwa laana, na nadhani nilizitaka. Kisha nikamsikia mama mdogo akivuta pumzi, analia.

"Sasa mbona hukusema, Rukia? Si tungekupikia uji?"

Mpaka leo sijasikia adhabu kali kuliko hiyo.

Nilimwendea daktari nikamwomba siku moja. Si tisa, moja. Akavua miwani. Akasema nisipokunywa maji kwa saa kumi na tatu nitamrudia kwa gari la wagonjwa, na je, mama yangu ndivyo alivyotaka? Nikasema alitaka siku tisa. Akasema, "Mama hutaka mtoto. Siku zina watu wengine wa kuzifunga." Shehe tuliyemuuliza akasema mtoto mwingine anaweza kumfungia, na mimi sina dhambi.

Hamisi akazichukua. "Nitafunga mimi," alisema, "lakini utanifutarisha wewe. Kila siku, huku kwangu. Na hutaswali kabla hujala."

Nikatoka Al Ras kila alasiri na metro hadi Rashidiya, siku tisa. Nilikuna nazi kwa mbuzi aliyoiacha Mama. Nilipika mihogo, tambi, samaki wa kupaka, kwa ajili yake, na sufuria ndogo ya uji kwa ajili yangu. Adhana ikilia tulikaa mkekani wawili, tende ikapita kwake, kisha kwangu. Siku mbili za kwanza miguu yangu ilitaka kusimama yenyewe kwenda kwenye mswala. Hamisi aliona. Akaweka mkono juu ya goti langu.

Mimi sasa nakula kijiko, naweka chini, nangoja, nakula kingine. Bakuli moja huchukua zaidi ya saa. Kwetu mtu haondoki penye chakula na mwenzake bado anakula, na Hamisi, ambaye tangu utoto alikuwa anamaliza kabla sisi hatujanawa, alikaa. Samaki wake alikuwa amebaki miiba. Aliipanga miiba kwenye ukingo wa sahani, akaipangua, akaipanga tena. Isha ikaadhiniwa siku ya tisa, na yeye amekaa, nami nakwangua chini ya bakuli.

Ikiwa unaumwa kama mimi, sema. Sema kwa mama yako kwanza, hata kama bado hujapata la kumtuliza. Usingoje upone ndipo useme.

Nilipoweka kijiko chini siku ile, Hamisi aliinamia bakuli langu akalitazama ndani. Lilikuwa tupu. Hakusema mashallah. Alichukua sahani yake akaiweka juu ya bakuli langu, tayari kuvipeleka jikoni, lakini hakunyanyuka, kwa sababu aliona midomo yangu inatikisika.

"Mama," nilisema, "leo sikufunga. Nimekula."